Jinsi Watu Walivyojihami Kisaikolojia Wakati wa Korona: Funzo kwa Mhakiki wa Wahusika

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha karatasi ya tatu ya Kiswahili anaijua orodha hii: Ni mlevi. Ni mwoga. Ni mpuuzaji. Ni mwenye mzaha. Ni mkali. Mtahiniwa hutaja sifa, akatoa mfano mmoja kutoka kitabuni, akapata alama yake, kisha akaiendea sifa inayofuata. Kutaja sifa si kosa. Kosa ni kwamba mtahiniwa wetu huishia hapo akiamini kuwa amemweleza mhusika, ilhali amembandika jina tu. Hajajiuliza ulevi huo unamkinga mhusika na nini, wala mzaha huo unafunika jeraha gani.

Nakiri kwamba hata mimi nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Aliyenizindua ni mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne. Shule zilipofunguliwa kwa watahiniwa tarehe 12 Oktoba 2020, baada ya kufungwa kwa takriban miezi saba, mwanafunzi huyu niliyemjua kuwa mkimya alirudi akiwa mcheshi kupita kiasi. Alivaa barakoa machoni badala ya mdomoni. Alikohoa makusudi kila mwenzake alipompita. Aliigiza sauti za maafisa waliokuwa wakitangaza idadi ya wagonjwa na waliofariki, darasa zima likavunjika mbavu. Siku moja nilimtoa darasani nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana utu, kwa kuwa watu wanafia hospitalini naye anacheka. Hakunijibu.

Wiki mbili baadaye mwenzake alinieleza kisa chenyewe. Nyanya aliyemlea kijana huyo alikuwa amefariki mwezi Juni, wakati ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi. Kijana aliyatazama mazishi kupitia simu ya shangazi yake, mtandao ukikatika kila mara. Nilitanabahi kwamba nilikuwa nimemhakiki mwanafunzi wangu vilevile nilivyowafundisha wanafunzi kuhakiki: nilimtaja sifa, sikuuliza swali.

Makala haya yananuia kueleza jinsi watu walivyojihami kisaikolojia wakati wa janga la Korona, na namna maarifa hayo yanavyoweza kumfaa mwalimu na mtahiniwa anapochambua wahusika. Hoja yangu ni moja: aghalabu tunachokiita dosari ya mhusika ni ngao aliyojishikia ili asivunjike. Mhakiki hana budi kuiona ngao hiyo kabla ya kumhukumu aliyeishika.

Janga lenyewe kwa ufupi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Korona ilikuwa imefikia kiwango cha janga la ulimwengu. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Machi, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Tarehe 15 serikali ikaamuru shule zifungwe. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikasitishwa hadi mwezi Julai. Watahiniwa wa mwaka huo waliufanya mtihani wao wa KCSE mwaka uliofuata, kati ya Machi na Aprili 2021. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa hali ya dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023.

Tarehe hizi ni muhimu kwa sababu zinaonyesha tabia ya dhiki yenyewe. Mafuriko yana siku ya kuja na siku ya kupwa. Korona haikuonekana kwa macho, haikujulikana ingekwisha lini, na ilimfanya mtu amwogope hata ndugu aliyemletea chakula. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo visa vya wasiwasi na msongo wa mawazo viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, na kwamba vijana na wanawake ndio walioathirika zaidi. Kwa maneno mengine, wanafunzi wetu walikuwa mstari wa mbele, ingawa hawakuwa hospitalini.

Misingi ya kinadharia

Mhakiki anayetaka kuyaeleza mambo haya anaweza kutumia nadharia ya saikolojia changanuzi, ambayo mwasisi wake ni Sigmund Freud, daktari aliyeishi Vienna, Austria. Freud alishikilia kwamba sehemu kubwa ya akili ya binadamu imefichika, na kwamba mtu huweza kutenda jambo bila kuijua sababu yake halisi. Binti yake, Anna Freud, aliiendeleza hoja hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1936. Humo alieleza kwa utaratibu mbinu za kujihami: njia ambazo nafsi huzitumia, mara nyingi bila mtu kujua, ili kuepuka maumivu isiyoweza kuyabeba kwa wakati huo.

Wataalamu wengine wawili, Richard Lazarus na Susan Folkman, walichapisha mwaka 1984 kitabu kilichotofautisha namna mbili za kukabiliana na dhiki. Namna ya kwanza ni kulikabili tatizo lenyewe. Namna ya pili ni kuzikabili hisia zinazoletwa na tatizo hilo. Anayenawa mikono, akavaa barakoa na kukaa mbali na wengine analikabili tatizo. Anayeimba, akasali, akafanya mzaha au akalala mchana kutwa anazikabili hisia. Namna ya pili si upumbavu. Pale ambapo tatizo haliwezi kuondolewa na mtu mmoja, mara nyingi hisia ndizo pekee anazoweza kuzifanyia jambo.

Kutokana na misingi hii, mhakiki anaweza kuuliza maswali matatu kuhusu tabia yoyote ya mhusika. Anaogopa nini? Tabia hii inamkinga vipi na hofu hiyo? Kinga hiyo inamgharimu nini yeye na walio karibu naye? Sasa tutazame mbinu zilizojitokeza wakati wa Korona huku tukiyashika maswali haya.

Mbinu za kujihami wakati wa janga

(a) Kukana

Mwanzoni watu wengi walikana. Walisema kwamba Korona ni maradhi ya matajiri wapandao ndege, au ya wazungu, au ya watu wa mjini, au kwamba haipo kabisa. Tukitumia lugha ya mtihani tutasema watu hao walikuwa wapuuzaji. Hata hivyo, wengi wao walikuwa vibarua ambao wangekosa kula siku ambayo wasingetoka. Mtu asiyeweza kujifungia nyumbani anapoambiwa kwamba nje kuna kifo, amebakiwa na njia mbili: kutoka akitetemeka, au kuamini kwamba hakuna kifo. Kukana kulimwezesha kuinuka asubuhi.

Jambo hili si geni katika jamii yetu. Kabla ya UKIMWI kutangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya mwezi Novemba 1999, na hata baadaye, ugonjwa huo ulikuwa ukizungukwa kwa majina. Waswahili waliuita mdudu, wengine wakauita ngoma. Matangazo ya vifo yalisema marehemu aliugua kwa muda mrefu au kwa muda mfupi, basi. Walimu hufundisha matamshi ya namna hii chini ya tasfida, yaani matumizi ya maneno ya adabu. Mhakiki wa kisaikolojia ataongeza kwamba tasfida pia ni ngao: jina la kando humwezesha msemaji kulikaribia jambo bila kuligusa. Gharama yake tunaijua kutokana na methali yetu wenyewe, mficha maradhi kifo humuumbua.

(b) Kushika jambo dogo unaloliweza

Wakenya wengi wanaukumbuka usiku mmoja mwishoni mwa Machi 2020. Simu zililia katika vijiji vingi. Aliyepiga alisema kwamba mtoto mchanga aliyezaliwa mahali fulani amezungumza, akaagiza watu wote wanywe chai ya strungi ili wasishikwe na Korona. Watu waliamka, wakawasha moto, wakachemsha chai, wakawaamsha watoto ili wanywe nao. Kesho yake wengi walijicheka.

Mwalimu wa fasihi simulizi ataitambua motifu hii mara moja: mtoto anayezaliwa akiwa na ujuzi usio wa kawaida yumo katika ngano na visasili vingi vya Kiafrika. Jamii iliyobanwa na jambo jipya ilirudi katika ghala lake la kale na kuchukua chombo ilichokijua. Kisaikolojia, chai ile haikukinga mwili, bali ilikinga nafsi dhidi ya hisia ya kukosa la kufanya. Kwa nusu saa, mzazi aliyekuwa hajui namna ya kuwaokoa wanawe alikuwa na sufuria mkononi na kazi ya kutekeleza. Anayetaka kueleza kwa nini mhusika hukimbilia mganga au nadhiri wakati wa maradhi aanzie hapa, asianzie kwa kumwita mshirikina.

(c) Kuhamisha hasira

Hofu isiyo na mahali pa kwenda hutafuta mtu. Mwanzoni mwa janga, wageni kutoka bara la Asia walitukanwa katika miji mingi duniani. Hapa kwetu, waliopona na kutoka karantini walitengwa na majirani, na hata wahudumu wa afya waliepukwa wakiwa na sare zao. Nyumbani, baba aliyepoteza kazi hakuweza kukigombeza kirusi, kwa hiyo alimgombeza mke, naye mke akamgombeza mtoto.

Mbinu hii inatufaa sana tunapozichambua ngano za mazimwi. Hofu isiyo na umbo humchosha mtu kuliko hofu yenye umbo. Fanani humpa zimwi jicho moja, mkia na sauti nzito, kisha humwua mwishoni, hadhira ikalala usingizi mwema. Hiyo ni kazi njema ya kuhamisha hofu. Hatari hutokea pale jamii inapochukua umbo la zimwi na kumvisha jirani. Swali la tatu, la gharama, ndilo linalotuonyesha tofauti.

(d) Mzaha

Korona ilizaa vichekesho vingi mno. Vilitumwa kwa simu, vikachorwa katika vibonzo, vikaigizwa na watoto. Anayefanya mzaha hakani kwamba jambo lipo. Analitaja waziwazi, ila analipunguza kimo mpaka liweze kutazamwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa saikolojia wanauhesabu mzaha miongoni mwa mbinu za kujihami zilizokomaa. Tena mzaha huwa wa watu wengi, kwani hakuna anayecheka kwa utamu akiwa peke yake.

Fasihi simulizi yetu inalijua hili. Jamii kadhaa zina watani ambao wamepewa ruhusa ya kufanya mzaha hata matangani, wakamwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Hatuwaiti watani hao watu wasio na utu. Tunajua wanafanya kazi waliyopewa na jamii. Mwanafunzi wangu aliyevaa barakoa machoni alikuwa mtani asiye na matanga, kwa sababu matanga yake yalifanyika mbali naye.

(e) Kurudiarudia

Hapa nitawarudisha wasomaji kwa Freud, maana yeye naye alifiwa wakati wa janga la ulimwengu. Homa kali iliyoanza mwaka 1918, ambayo ilifika hata Mombasa kwa meli mwaka huohuo, iliua mamilioni ya watu duniani. Mwezi Januari 1920 ilimwua binti yake Sophie mjini Hamburg, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 26. Freud na mkewe walikuwa Vienna. Treni hazikuwa zikisafiri, kwa hiyo hawakuweza kuhudhuria mazishi ya mtoto wao.

Mwaka huohuo Freud alichapisha kitabu ambamo anaeleza mchezo wa mtoto mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo alikuwa mwana wa Sophie. Mama yake alipotoka kumwacha kwa saa kadhaa, mtoto hakulia. Alichukua kibiringo cha mbao kilichofungwa uzi, akakitupa nyuma ya pazia la kitanda chake, akatoa sauti ya kumaanisha kwamba kimekwenda. Kisha akakivuta uzi, kikaonekana, akashangilia kwamba hiki hapa. Alifanya hivyo tena na tena. Freud alifafanua kwamba mtoto alikuwa akiliigiza jambo lililomuumiza, lakini safari hii yeye ndiye aliyekuwa ameushika uzi.

Mtu asikimbilie kusema kwamba Freud aliandika kitabu hicho kwa sababu ya kifo cha binti yake. Mwenyewe alisisitiza kwamba alikuwa ameandika karibu nusu yake Sophie akiwa hai na mwenye afya. Hata hivyo, tunachopata hapa ni ufunguo wa kuelewa kwa nini aliyefiwa husimulia kisa kilekile kila mgeni anapofika, na kwa nini watoto walicheza michezo ya daktari, ya mazishi na ya kafyu mwaka 2020. Kurudia ni namna ya kuutafuta uzi.

(f) Kushika desturi na kukumbatia wenzake

Methali yetu husema kifo cha wengi harusi. Wanafunzi huieleza haraka kwamba msiba wa wengi hauumizi sana. Maana yake ni pana zaidi. Inasema kwamba uchungu huvumilika pale unapokuwa na watu, chakula, nyimbo na utaratibu, kama harusi inavyokuwa navyo. Mbolezi, kukesha, kunyolewa, kumtaja marehemu kwa majigambo yake na hotuba za kaburini ni mbinu za kujihami ambazo jamii ilizitunga muda mrefu kabla ya Freud.

Korona ilizikata desturi hizi pale zilipohitajika zaidi. Kafyu iliondoa mkesha. Masharti ya afya yalipunguza waombolezaji wakabaki jamaa wachache, na mwanzoni mwa janga waliofariki kwa Korona walizikwa haraka na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga. Sisi walimu wa Kiswahili tuna msiba wetu wa mfano. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, aligongwa na basi jijini Nairobi tarehe 10 Aprili 2020 akafariki. Hakufa kwa Korona, lakini alizikwa wakati wa Korona, nyumbani kwao Cherang'any, Kaunti ya Trans Nzoia. Katika mwaka mwingine wowote, walimu na wanafunzi wangefurika huko kwa mabasi. Mwaka huo tulikaa nyumbani. Wengi wetu tulitunga tenzi na tarbia za rambirambi tukatumiana kwa simu usiku kucha. Baadhi ya mashairi hayo yalikuwa na vina vilivyochechemea na mizani iliyopungua, na hakuna aliyeyasahihisha. Tulikuwa tumepata mkesha.

Matumizi katika vitabu teule

Tuchukue mfano wa Yona katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mtahiniwa wa kawaida huandika hivi: Yona ni mlevi. Anakunywa pombe kila mara. Jibu hili si la uongo, lakini limekomea kwenye ganda.

Mtahiniwa anayetumia maswali yetu matatu ataandika takriban hivi: Yona ni mlevi, na ulevi wake ni mbinu ya kujihami. Anaogopa masimango ya wanajamii kuhusu uzazi katika ndoa yake, hasa suala la kukosa mtoto wa kiume. Pombe inamwezesha kutoyasikia masimango hayo kwa muda. Hata hivyo, kinga hiyo inaiharibu heshima yake mwenyewe na kumwachia mkewe Sara mzigo wa kuyabeba peke yake yale ambayo mumewe ameyakimbia. Jibu hili lina sifa, sababu, utendakazi na athari. Tena linaiunganisha sifa ya mhusika na maudhui ya tamthilia, kwani limeonyesha kwamba jamii inayosimanga inahusika katika ulevi wa Yona.

Mfano wa pili ni Ridhaa katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Tunampata Ridhaa mwanzoni akiwa katika magofu ya nyumba yake, baada ya moto kuwaangamiza mkewe na wanawe wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mawazo yake yanarudi nyuma tena na tena. Wanafunzi huandika: mwandishi ametumia mbinu rejeshi ili kutupa habari za awali za mhusika. Ni kweli. Lakini kumbukumbu hizo zina kazi nyingine pia. Mtu aliyepotelewa na watu wake bila kuwaaga huwarudia akilini kwa sababu hakupata nafasi ya kuwarudia kwa njia nyingine. Mbinu rejeshi hapo ni ya mwandishi na ni ya Ridhaa vilevile. Mwanafunzi aliyekaa nyumbani mwaka 2020 akiwaza juu ya watu wasiozikwa vizuri atalielewa jambo hili bila kufundishwa, mradi mwalimu ampe ruhusa ya kulisema.

Tahadhari kwa mhakiki

Kuna makosa matatu ambayo mwalimu anafaa kuwaepusha watahiniwa nayo.

Kwanza, kueleza si kutetea. Tukisema kwamba hasira ya mhusika imehamishwa kutoka kwa aliyemdhulumu hadi kwa mkewe, hatujasema kwamba ana haki ya kumpiga mke. Kwa hiyo swali la gharama lisiachwe kamwe.

Pili, ushahidi utoke kitabuni. Mtahiniwa asibuni utoto wa mhusika ambao mwandishi hakuuandika. Mahali pa kutafuta ushahidi ni uzungumzinafsi, ndoto, kumbukumbu, maneno anayoyarudia, mambo anayokataa kuyataja na yale wahusika wengine wanayosema juu yake.

Tatu, mhakiki si daktari. Asimwandikie mhusika majina ya magonjwa ya akili. Aidha, mwalimu asijaribu kumtibu mwanafunzi kwa nadharia ya fasihi. Akimwona mtoto ambaye kinga zake zimemshinda, asiyelala, asiyekula, anayezungumzia kufa, ampeleke kwa mshauri wa shule au hospitalini mara moja, na asimwache peke yake.

Swali la mfano

"Tabia ya mtu wakati wa dhiki ni ngao yake." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kumrejelea mhusika mmoja katika tamthilia uliyoisoma. (alama 20)

Mtahiniwa achague tabia nne au tano za mhusika huyo. Kwa kila tabia aeleze hofu iliyoko nyuma yake, atoe tukio linaloithibitisha, aonyeshe namna tabia hiyo inavyomkinga mhusika, kisha ataje athari yake kwa mhusika au kwa wengine. Anayetaja tabia bila hofu amejibu swali la sifa, hajajibu swali hili. Mwalimu anaweza pia kuwaomba wanafunzi wakusanye vichekesho, methali na uvumi wa wakati wa Korona kutoka kwa wazazi na majirani zao, kisha waainishe kila kipera kwa mujibu wa kazi kilichoifanya. Wanafunzi walio shuleni leo walikuwa wadogo mwaka 2020, na wengi wao wanakumbuka zaidi ya tunavyodhani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wakati wa Korona watu walikana, walishika mambo madogo waliyoyaweza, walihamisha hasira, walifanya mzaha, walirudiarudia na walitafuta desturi za kushikamana. Baadhi ya mbinu hizo ziliwasaidia na baadhi ziliwaumiza wengine. Zote zilikuwa na sababu. Mhusika wa kubuni hana budi kupewa haki hiyohiyo ya kuulizwa sababu kabla ya kupewa jina.

Kuhusu mwanafunzi wangu, nilimwita chini ya mti ulioko nyuma ya maktaba nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. "Ni sawa, Mwalimu," alisema, kisha akauliza kama angeweza kuandika insha juu ya nyanya yake badala ya ile niliyokuwa nimewapa. Nilimruhusu. Aliileta siku ya tatu, kurasa nne zilizojaa. Ilianza kwa kichekesho ambacho nyanya huyo alipenda kuwasimulia wajukuu jioni. Nilicheka kabla ya kufika ukurasa wa pili, na hapo ndipo nilipolazimika kuiweka kalamu nyekundu chini.